Fundi wa Gitaa na Wenzake: Paco de Lucía katika Historia ya Flamenko

Kila sanaa ya jadi hufikia siku ya kuulizwa swali gumu: je, mlango wake ufungwe ili kilichomo kisiharibike, au ufunguliwe ili kisife kwa kukosa hewa? Sisi tunaofundisha Kiswahili tumelijua swali hili katika mjadala wa ushairi, baina ya wanaoshikilia vina na mizani na wanaoutaka utungo ulio huru. Makala haya yanalitazama swali hilohilo kwa mfano wa mbali, nao ni muziki wa flamenko wa kusini mwa Hispania, hasa gitaa lake kama lilivyopigwa na Paco de Lucía pamoja na kundi aliloliunda mwaka 1981. Jibu la fundi huyu lilitolewa jukwaani, mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo, baada ya kueleza historia kwa ufupi, tutajaribu kuona kile alichokiona mtazamaji.

Chimbuko la flamenko

Flamenko ni sanaa ya Andalusia, nchi ambayo, yote au sehemu yake, ilikuwa chini ya watawala Waislamu tangu mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492. Katika karne ya 15 waliingia huko Wagitano, tawi la watu waitwao Roma, ambao asili yao ya kale ni Bara Hindi. Hati ya kwanza inayowataja Hispania ni ya mwaka 1425. Kuanzia 1499 sheria za wafalme ziliwataka waache kuhamahama na kuziacha desturi zao. Na mwaka 1749 serikali iliamuru wakamatwe nchini kote, wake kwa waume, na maelfu wakatiwa vifungoni. Katika maisha hayo ya dhiki, na katika kuchanganyika kwa nyimbo za Wagitano na zile za wakulima wa Andalusia, ndimo ilimochipuka flamenko. Umbo tulijualo lilidhihirika katika karne ya 19, sanaa hii ilipotoka majumbani na kuanza kuonyeshwa kwa malipo katika mikahawa ya Seville, Jerez na Cádiz.

Flamenko ina nguzo tatu: uimbaji, gitaa na densi. Wajuzi huupa uimbaji cheo cha kwanza. Tungo zake zimegawanyika katika mafungu yaitwayo palos, na mwalimu wa ushairi hatakosea sana akiyalinganisha na bahari za ushairi wetu. Kila fungu lina mizani yake, inayoitwa compás. Soleá, mathalani, huenda kwa duru ya mapigo 12, na mkazo huangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Bulería huweza kuhesabiwa vivyo hivyo, ila mwendo wake ni wa kasi zaidi. Tangos huenda kwa mapigo 4. Msanii ana ruhusa ya kubuni awezavyo ndani ya duru, lakini akiivunja duru yenyewe, hata mtoto wa Jerez atamcheka.

Gitaa kwanza lilikuwa mtumishi katika nyumba hii. Mpigaji alikaa kando ya mwimbaji, akautazama mdomo wake na kuisikiliza pumzi yake, akampa sauti ya kuanzia, kisha akayajaza mapengo baina ya beti kwa vipande vifupi alivyovibuni. Ramón Montoya alionyesha mapema kwamba chombo hiki kinaweza kusimama peke yake, aliporekodi muziki wa gitaa tupu mjini Paris mwaka 1936. Sabicas, aliyehama Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliipeleka sanaa hiyo katika kumbi za Amerika.

Hofu ya mwaka 1922

Hofu kwamba flamenko inaharibika haikuanza juzi. Mwezi Juni 1922 mtunzi wa muziki Manuel de Falla na mshairi kijana Federico García Lorca walikuwa miongoni mwa walioandaa mashindano ya uimbaji wa kale mjini Granada, ndani ya ngome ya Alhambra. Waliona kwamba mikahawa na fedha vinaua asili, wakakata shauri kuwazuia waimbaji wa kulipwa wasishindane. Nia yao ilikuwa njema. Lakini mmoja wa waliopewa tuzo alikuwa mtoto wa miaka 12, Manolo Caracol, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waimbaji mashuhuri kabisa wa majukwaani. Mlango uliofungwa kwa mkono mmoja ulifunguka kwa mkono mwingine.

Kijana wa Algeciras

Francisco Sánchez Gómez alizaliwa tarehe 21 Desemba 1947 katika Algeciras, mji wa bandari ulio karibu na mlango wa bahari wa Gibraltar, ambao siku njema huiona Moroko ng'ambo ya maji. Jina la mji latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kisiwa, ndilo jazira la washairi wetu. Francisco kwa kifupi huitwa Paco, na kwa kuwa akina Paco walikuwa wengi mtaani, kila mmoja alitambulishwa kwa jina la mama yake. Mama yake huyu, Mreno kwa asili, aliitwa Lúcia. Ndipo alipopata jina la Paco de Lucía, yaani Paco wa Lucía, jina la mwana wa mama yake ambalo dunia nzima ililijua.

Baba yake, Antonio, alikuwa mpigaji gitaa wa usiku ambaye riziki yake ilitegemea ukarimu wa walevi. Aliwafunza wanawe kwa ukali. Paco aliacha shule mapema kwa umaskini, akawa anashinda na gitaa kwa saa nyingi kila siku. Kaka yake Ramón alimfundisha mitindo ya mafundi waliotangulia, na kaka mwingine, Pepe, alikuwa mwimbaji. Akiwa bado kijana alizuru Marekani na kundi la densi, akakutana na Sabicas, ambaye alimpa wasia ulioyageuza maisha yake: aache kuiga, apige yaliyo yake.

Hata hivyo hakuukimbia utumishi. Kuanzia 1969 hadi 1977 alirekodi mfululizo wa sahani na Camarón de la Isla, mwimbaji Mgitano kutoka San Fernando, na wengi huziona sahani hizo kuwa kilele cha flamenko ya karne ya 20. Mwaka 1975, tarehe 18 Februari, alipiga gitaa katika Teatro Real ya Madrid, nyumba ya muziki wa watu wa tabaka la juu. Aliyeingia humo alikuwa mwana wa mpigaji wa usiku, na chombo chake kilikuwa cha mikahawani.

Kundi la mwaka 1981

Mwaka 1981 likatokea kundi la watu sita na sahani yao iitwayo Solo quiero caminar. Ndugu zake wawili walikuwamo: Ramón kwa gitaa la pili na Pepe kwa uimbaji. Wengine watatu walileta vyombo visivyokuwa na kiti katika flamenko: Jorge Pardo alipiga filimbi na saksofoni, Carles Benavent gitaa la besi la umeme, na Rubem Dantas, Mbrazili, vyombo vya mapigo.

Miongoni mwa vyombo hivyo vya mapigo, kimoja chastahili kutajwa peke yake, nacho ni cajón, sanduku la mbao lenye tundu nyuma, ambalo mpigaji hulikalia na kulipiga ubao wa mbele kwa viganja. Asili yake ni pwani ya Peru, kwa watu wa kizazi cha Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Inasimuliwa kwamba waliponyimwa ngoma, walizigeuza kreti za mizigo kuwa ngoma. Paco alilisikia sanduku hilo mjini Lima mwaka 1977, likipigwa na Caitro Soto. Alitambua mara moja kwamba mlio wake unafanana na kisigino cha mchezaji juu ya sakafu na kofi la mkono, akarudi nalo Hispania. Leo ni nadra kuona kundi la flamenko lisilo na sanduku hilo, na wengi wanaolipiga hudhani ni la kwao tangu zamani.

Kundi jukwaani

Aghalabu fundi aliingia peke yake. Aliketi, akapandisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, akalilaza gitaa pajani. Wazee walilisimamisha karibu wima. Mkao huu wa Paco ulienea kwa vijana wote waliomfuata. Uso ulitulia, na kazi yote ikawa mikononi. Kidole gumba kilipiga uzi kikienda na kurudi. Cha shahada na cha kati vilikimbizana juu ya uzi mmoja, kila sauti ikitoka safi. Kisha vidole vyote vikafunguka kama upepeo na kuzifagia nyuzi, huku kimoja kikigonga ubao wenyewe. Asikilizaye sahani huweza kudhani wapo wapigaji wawili. Mtazamaji huona mikono miwili tu, na hapo mshangao huzidi.

Baadaye wenzake huingia. Makofi huanza, mmoja akipiga juu ya pigo, mwingine katikati ya mapigo, nayo duru ya 12 hujengeka kama ukuta. Filimbi huchukua njia ya sauti ya mwimbaji; besi hujibu gitaa; mchezaji densi huinuka na kuongeza ngoma ya visigino. Hapana kiongozi mwenye fimbo. Fundi huinua kichwa kidogo, na wote hukatiza pamoja, mara nyingi katika pigo la 10. Mwimbaji akianza, Paco huinamisha kichwa na kurudi katika kazi ya babu zake: kutazama mdomo, kufuata pumzi, kujaza pengo. Hilo ndilo jambo ambalo sahani haiwezi kulionyesha vyema. Mtu aliyelitoa gitaa katika utumishi hakuacha kutumikia.

Mwacha mila?

Walikuwapo waliomshutumu. Besi ya umeme na saksofoni, walisema, si flamenko. Na mwacha mila ni mtumwa. Shutuma hiyo haikuwa ya kijinga, kwa maana watu walioteswa kwa ajili ya mila zao wana haki ya kuzilinda. Lakini tukichunguza, mizani haikuguswa. Duru ya soleá ilibaki na mapigo 12, mkazo mahali pake. Wageni walikaribishwa kwa sharti la kujifunza adabu za nyumba, nao waliipa nyumba nguvu mpya. Wahenga wetu walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Paco de Lucía alifariki Mexico tarehe 25 Februari 2014, akazikwa Algeciras. Mtoto aliyeacha shule alikuwa ameshatunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Cádiz mwaka 2007. Na tarehe 16 Novemba 2010 flamenko iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa kitamaduni wa wanadamu. Mkutano ulioamua jambo hilo ulifanyika Nairobi, katika ardhi ya Afrika Mashariki.

Mwalimu anayewafundisha vijana arudhi ana la kuzingatia hapa. Kijana atakayeleta sanduku jipya darasani asifukuzwe kabla ya kuulizwa kama anaijua duru. Akiijua, na akae, apige; asipoijua, afundishwe kwanza, kama Antonio alivyomfundisha mwanawe, na ndipo aachwe apige yaliyo yake.