Mwasumini: Mche Upitao Mkono kwa Mkono

Katika maadhimisho kama haya ni desturi kukumbuka kuta za hekalu, paa lake na wale waliochangia ujenzi. Sisi tumeona vema tuukumbuke pia mche mmoja ambao maua yake hufika madhabahuni kabla yetu: mwasumini. Wazee wetu wa Kigujarati waliuita mogro. Katika Kisanskriti maua yake huitwa mallika. Nao majirani zetu huyaita asumini.

Mwasumini ni kichaka chenye majani mabichi mwaka mzima, na asili yake ni Asia ya Kusini. Linnaeus aliuorodhesha mwaka 1753, na mwaka 1789 William Aiton wa bustani za Kew, Uingereza, akaupa jina la kitaalamu linalotumika hadi leo, Jasminum sambac. Jina la asumini limetoka katika Kiajemi na Kiarabu, nalo latuonyesha njia ya bahari: majahazi ya kaskazi yaliyounganisha Kachchh, Ghuba na Unguja. Pwani, asumini ikawa ua la arusi na la jioni. Akina mama huifunga kikuba pamoja na rehani, ndugu wa tulsi yetu. Ua lile lile ambalo sisi twalitunga uzi kuwa mala ya Mungu, jirani hulitia nyweleni mwa bibi arusi.

Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa miongoni mwa waliokuja kuweka maduka mjini. Mtu ahamapo huchukua chakula chake, sala zake na maua yake. Lakini mwasumini haukuweza kufungwa katika leso kama mbegu za mchicha, kwa kuwa ni nadra mno kuzaa mbegu. Huzaliwa kwa tawi lililokatwa katika mche mwingine. Kwa hiyo karibu kila mwasumini ulioko Bigwa ulitoka katika mche wa mtu mwingine, naye aliupata kwa mwingine kabla yake. Historia yake haimo katika daftari lolote. Imo katika mikono iliyotoa.

Namna ya kuupanda ni nyepesi. Mwanzoni mwa masika, chagua tawi lisilo changa sana wala gumu kabisa, ukate kipande cha sentimita 10 hadi 15 chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, ukichomeke katika mchanga uliochanganywa na mboji, ukiweke kivulini na kukinyunyizia maji kiasi. Baada ya wiki 4 hadi 6 mizizi huwa imeshika. Ukisha kupata nguvu, uhamishie mahali penye jua la saa sita kwa siku na udongo usiotuamisha maji, kwani mizizi iliyolowa mno huoza na majani hugeuka manjano. Utie samadi iliyooza vizuri. Maua yakiisha, pogoa bila huruma: asumini huchanua katika machipukizi mapya. Vikonyo huchumwa jioni, kabla havijafunguka, nasi hatuvinusi, kwa kuwa harufu ya kwanza ni ya Mungu.

Twayaandika haya kwa sababu tunaona viwanja vya Bigwa vikizungushiwa kuta na kusakafiwa hadi mlangoni, na mala za plastiki zikichukua nafasi ya zile zilizo hai. Mche wenye mbegu waweza kusahauliwa miaka mingi, kisha ukaota tena. Mwasumini hauna akiba hiyo: wa mwisho ukikatwa, mtaa mzima hauna pa kuanzia.

Basi tunapendekeza sadaka isiyohitaji fedha. Kila nyumba yenye mwasumini na itoe vipandikizi viwili: kimoja kwa nyumba ya mwanajumuiya, kingine kwa jirani, awe Mluguru, Mwislamu au Mkristo. Siku ambayo mche wetu utakauka, kama ambavyo kila mche hukauka, tutajua mlango wa kubisha hodi.