Uingereza: Kwa nini ada ya bima ya mbwa na paka hupanda kila mwaka

Waraka wa kuhuisha bima ya mbwa au paka unapofika, wakazi wengi wa Uingereza hukuta ada imepanda, hata kama mwaka mzima hawakudai fidia yoyote. Zipo sababu kuu tatu.

Ya kwanza ni umri. Mkataba wa bima kwa kawaida ni wa mwaka mmoja, na kila unapohuishwa kampuni hukadiria upya uwezekano wa mnyama kuugua. Mbwa wa miaka 9 huandamwa na maradhi ya viungo, moyo na saratani kuliko mbwa wa miaka 2. Mnyama akishazeeka, baadhi ya kampuni humtaka pia mwenye bima achangie asilimia fulani ya kila gharama ya matibabu.

Ya pili ni gharama za tiba. Huduma ya afya ya umma, NHS, haihusiki na wanyama. Kila upasuaji na kila picha ya eksirei hulipiwa. Mamlaka ya Ushindani na Masoko (CMA) ilieleza mwaka 2025 kwamba bei za matibabu ya wanyama zilipanda kwa asilimia 63 kati ya 2016 na 2023. Mzigo huo hugawiwa wateja wote, wakiwemo wasiodai chochote. Juu yake kuna kodi ya bima ya asilimia 12, ambayo hukua kadiri ada inavyokua.

Ya tatu ni kanuni. Tangu Januari 1, 2022, kampuni za bima ya nyumba na magari zimekatazwa kumtoza mteja wa zamani zaidi ya mteja mpya mwenye hali kama yake. Katazo hilo haliigusi bima ya wanyama. Hata hivyo, waraka wa kuhuisha ni lazima uonyeshe ada ya mwaka uliopita kando ya ada mpya.

Je, kuhamia kampuni nyingine ni dawa? Kwa mnyama mwenye afya, huenda ikawa hivyo. Kwa mnyama mgonjwa, unafuu huo waweza kuwa mtego, kwani kampuni mpya kwa kawaida hailipii maradhi yaliyokuwapo kabla ya mkataba. Paka mwenye kisukari, kwa mfano, huenda akahitaji insulini maisha yake yote. Mwenyewe akihama, gharama hiyo yaweza kumwangukia yeye.

Basi kabla ya kuiacha bima ya zamani, ni vyema kuiuliza kampuni mpya kwa maandishi ni maradhi yapi haitayalipia. Pia inawezekana kuiomba kampuni ya sasa ipunguze ada, kwa sharti la mteja kubeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya kila dai. Anayehuisha kisha akabadili nia ana siku 14 za kuuvunja mkataba.