Mandolini haipigwi peke yake

Mtajie mtu wa Mombasa mandolini, atakwambia ni kile kigita kidogo chenye tumbo la duara. Hajakosea, ila amemtaja kitinda mimba akasahau ndugu zake. Kuna okestra nzima ya watu ishirini, thelathini, na fidla haimo hata moja.

Tuanze na huyo mdogo. Mandolini ina nyuzi nane za chuma, zimepangwa mbilimbili, kila jozi sauti moja. Hukazwa sol, re, la, mi, sawasawa na fidla, kwa hivyo mpiga fidla wa taarab akiishika leo vidole vyake vitajua njia. Taabu iko mkono wa kulia. Uzi ukikwanyuliwa sauti hufa upesi, hauna upinde wa kuivuta. Mpigaji basi huupiga juu na chini mbio mbio mpaka sauti inatetema na kuwa kama haikatiki. Watu kumi wakifanya hivyo kwa pamoja, ndipo utajua kwa nini watu wanakipenda chombo hiki. Mandolini hugawanywa makundi mawili: la kwanza hubeba wimbo, la pili hujibu.

Anayefuata ni mandola, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa zao. Marekani, mandola ni ile inayokazwa do, sol, re, la kama viola. Ujerumani na Italia jina hilo hilo ni la chombo kikubwa zaidi, kilicho oktava nzima chini ya mandolini. Ukinunua ya Kimarekani kisha uwekewe muziki wa Kijerumani, sauti za chini hutazifikia. Uliza kwanza inavyokazwa, jina halitoshi.

Mandochelo iko chini zaidi, imekazwa kama chelo, na shingo yake ndefu inataka mkono wa mtu mzima. Gita la nyuzi za nailoni hujaza katikati. Kampuni ya Gibson ya Marekani, iliyoanzishwa Kalamazoo mwaka 1902, iliwahi pia kutengeneza besi ya mandolini, dude la kusimamishwa sakafuni lenye nyuzi nne. Siku hizi okestra nyingi hutumia besi ya kawaida.

Asili ya mambo haya ni Napoli, ambako Pasquale Vinaccia aliiboresha mandolini na kuitia nyuzi za chuma mnamo 1835. Lakini aliyewasha moto Marekani si Mwitaliano. Mwaka 1880 kundi la Wahispania lilifika New York likipiga bandurria, watu wakadhani ni mandolini. Waitaliano waliokuwa huko hawakulaza damu, wakaunda makundi yao na mandolini zao za kweli, na vilabu vikazagaa kila mji. Na ukifuata nasaba ya vyombo hivi nyuma zaidi utakutana na udi wetu, ulioingia Ulaya kupitia Andalusi na kubaki na jina lake la Kiarabu, lute ikiwa ni "al-ud" iliyokatwa ulimi.

Japani nako imeshika. Raffaele Calace, fundi na mtunzi wa Napoli, alizuru huko miaka ya 1920, na vyuo vikuu vya Japani vina okestra za mandolini mpaka leo. Wajapani hao hao ndio waliotupa taishokoto, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912, ile yenye vibonye ambayo Bi Zuhura Swaleh aliimba nayo Mombasa. Harusi niliyokwenda juzi palikuwa na kinanda cha umeme kimoja, kikijifanya fidla, ganuni na ngoma kwa mpigo. Mpigaji alikuwa hodari, wallahi. Umeme ulipokatika, akina mama wakamalizia kwa vigelegele na makofi.