Picha Zilizopikwa Motoni

Picha iliyopakwa rangi za mafuta huzeeka kama mtu. Rangi zake huingia weusi, uso wake hupasuka, kitambaa chake huliwa na unyevu. Jambo hilo lilimsumbua Bwana Alexandre Brongniart, aliyekuwa mkubwa wa kiwanda cha kauri cha Sèvres, karibu na Paris, tangu mwaka 1800 hata 1847.

Kiwanda hicho kilianza Vincennes mwaka 1740, kikahamia Sèvres mwaka 1756. Hapo kwanza vibao vya kauri vilikuwa vidogo, vya kupambia meza na makabati ya matajiri. Fundi Charles-Nicolas Dodin alivichora kwa ustadi mwingi. Kisha, mwaka 1768, ulionekana Saint-Yrieix, upande wa Limoges, ule udongo mweupe uitwao kaolini. Ndipo Wafaransa wakapata kauri ngumu kweli, inayookwa kwa moto wa digrii 1400 hivi.

Basi Brongniart akawaza hivi: kwa nini picha za Raphael na mabingwa wengine zisinakiliwe juu ya vibao vikubwa vya kauri, zisije zikapotea?

Kuwaza ni rahisi. Kibao kikubwa chapenda kupinda motoni. Tena mchoraji wa kauri hafanyi kazi kama wachoraji wengine, kwa maana rangi anayoipaka siyo atakayoiona baadaye. Buluu hutoka katika kobalti, nyekundu katika chuma, na waridi, mtashangaa, hutoka katika dhahabu. Waridi hiyo ni ya hila: moto ukipungua huwa ya kahawia chafu, ukizidi hugeuka zambarau. Kwa hiyo mafundi walitia tanuruni vipande vidogo vilivyopakwa waridi, wakavitoa na kuvitazama, wapate kujua ukali wa moto. Kibao kimoja kilirudi motoni mara nyingi, na kila mara kazi ya miezi iliweza kuharibika kwa saa chache.

Aliyesifiwa kupita wote alikuwa mwanamke, Marie-Victoire Jaquotot, aliyezaliwa mwaka 1772. Alinakili picha za Raphael, na Mfalme Louis XVIII akampa cheo cha mchoraji wake wa kauri. Mwenzake Abraham Constantin, mtu wa Geneva, alikwenda mpaka Firenze na Roma kunakili kazi za Raphael pale pale zilipo. Wengine husema hao walikuwa wanakili tu. Sisi hatukubali: anayepaka rangi asiyoiona, akapata uso wa Bikira Maria ule ule, huyo ni fundi mkubwa.

Mwaka 1839 Daguerre alionyesha namna yake ya kupiga picha kwa mwanga wa jua. Polepole watu wakaacha kutafuta nakala za kauri, zilizokuwa na gharama kubwa. Jaquotot alikufa mwaka 1855, na Constantin mwaka ule ule. Baadhi ya vibao vyao vimehifadhiwa katika makumbusho ya Sèvres, rangi zake kama zilivyotoka tanuruni.