Hesabu za Sewa Haji zilizomkera Stanley

"Ile hela itume kwenye namba hii." Mtanzania gani mwenye simu hajawahi kupokea ujumbe huu? Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa 2015, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa Januari 2020, TCRA ikatoa namba 15040 ya kuripoti matapeli. Ujumbe bado unaingia. Anayedhani wizi wa namna hii umekuja pwani na simu na kadi za benki, asome mambo ya Bagamoyo ya 1871.

Februari mwaka huo Henry Morton Stanley alivuka kutoka Unguja, safarini kumtafuta Livingstone. Mizigo ya merekani na shanga anayo, wapagazi hana. Ali bin Salim alimwahidi watu, siku zikapita bila mtu kutokea. Ndipo barua ya tajiri Tharia Topan ikamfikisha kwa kijana wa Kihindi wa miaka kama 20, Sewa Haji Paroo.

Desturi ilikuwa mpagazi kulipwa nguo kabla ya safari, na wapo waliochukua doti zao wakatoroka. Mgeni hakuwa na budi kumpitia mtu wa kati, na mtu wa kati ndiye aliyeshika daftari. Sewa Haji alipoleta hesabu, Stanley akadai nguo zilizoandikwa zimezidi zile walizopewa wapagazi. Wakavutana, huyu akifoka, yule akiapa bila kutahayari, hadi deni likashuka karibu nusu. Hivyo ndivyo anavyosimulia Stanley katika kitabu chake cha 1872, na kijana wa watu anatoka humo akiwa laghai asiye na mfano.

Lakini hayo ni maneno ya mteja mwenye hasira, tena mwandishi wa gazeti anayejua kukoleza chumvi. Sewa Haji aliendelea kupanga misafara mpaka akawa tajiri mkubwa. Alipofariki 1897 alikuwa ametoa fedha za hospitali Dar es Salaam, ambayo jina lake limebaki kwenye jengo la wodi Muhimbili, na shule Bagamoyo. Wagonjwa wangapi wanaolazwa Sewahaji wanamjua mwenye jina? Bagamoyo, mji unaojivunia misafara, ungemtendea haki kwa kumsimulia mzima, na daftari lake likiwemo.

Wapagazi ndio waliosahauliwa kabisa. Kama kweli walipunjwa, Stanley alipokata deni lile, nafuu iliingia mfukoni mwake, si mwao.