Twilight

Twilight ni neno la Kiingereza lenye maana ya utusitusi: mwanga hafifu unaobaki angani jua likishazama, au unaotangulia kuchomoza kwake. Kwa mazoea, msemaji asipofafanua huwa anakusudia wa jioni.

Asili

Neno hili ni la Kiingereza cha Kati. Light ni mwanga. Mzozo uko kwenye twi-, kiambishi cha kale chenye maana ya mbili. Wapo wanaosema ni nuru mbili, ya asubuhi na ya jioni. Wengine hushika maana ya nusu, yaani nuru pungufu. Wengine tena maana ya baina, na hawa ndio wanaokaribiana zaidi na matumizi ya neno. Kijerumani kina Zwielicht, lililoundwa vivyo hivyo.

Katika falaki

Utusitusi hugawanywa sehemu tatu: wa kiraia, hadi jua lifike nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, wa mabaharia, hadi nyuzi 12, na wa kifalaki, hadi nyuzi 18. Kwenye ikweta jua hushuka karibu wima, hivyo ule wa kwanza huisha kwa dakika 20 na ushei. London, mwezi Juni, ule wa tatu haukatiki usiku kucha.

Maana zilizopanuliwa

Neno hutumika pia kwa uzee na kwa dola inayodidimia. Opera ya Wagner iliyoonyeshwa Bayreuth mwaka 1876 hujulikana kwa Kiingereza kuwa Twilight of the Gods.

Matumizi ya kusikitisha zaidi ni ya wodi ya wazazi. Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari Carl Gauss na Bernhardt Krönig wa Freiburg, Ujerumani, waliwadunga wajawazito skopolamini na mofini, na kwa Kiingereza uzazi huo ukaitwa twilight sleep. Mama hakulala fofofo wala hakuwa macho. Uchungu aliusikia, akapiga kelele. Alipozinduka hakukumbuka kitu. Alifunikwa macho, akazibwa masikio kwa pamba, na kwingine akafungwa mikono kitandani asijiumize. Mwaka 1914 wanawake wa Marekani waliunda chama cha kuidai huduma hiyo, kwa kuwa walichosimuliwa ni kuzaa bila maumivu. Baadhi ya watoto walizaliwa wamelewa dawa, pumzi zikiwapa taabu. Jina hilo la upole lilificha ukatili.

Katika burudani

The Twilight Zone ya Rod Serling ilirushwa kwenye televisheni ya Marekani kuanzia 1959 hadi 1964. Riwaya ya Stephenie Meyer iitwayo Twilight, yenye kisa cha msichana na vampaya, ilitoka 2005, na filamu yake 2008.