Mshahara Uliofichwa Ndani ya Mshono



Mwenye kufungua balo la mitumba katika soko la Bukavu au la Uvira hukuta mashati yenye alama za maduka ya Ulaya. Lakini ukiigeuza nguo na kusoma kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani, mara nyingi utaona jina la nchi nyingine: Bangladesh. Duka liliuza, lakini halikushona. Tofauti hiyo ina historia, na historia hiyo imegharimu maisha ya watu wengi. Tuifuate tukiuliza swali moja: mwuzaji anawajibika mpaka wapi kwa mikono iliyotengeneza bidhaa yake?

Tuanze New York. Tarehe 25 mwezi wa tatu mwaka 1911, siku ya Jumamosi, saa za kufunga kazi, moto uliwaka katika kiwanda cha Triangle, kilichoshona blauzi katika orofa tatu za juu za jengo la orofa kumi. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitalia. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwani mabwana wa kiwanda walitaka wote watokee upande mmoja, wapekuliwe mikoba wasije wakaiba. Mabwana hao wawili walikuwamo jengoni siku ile, wakaponea kwenye paa. Walishitakiwa, na mahakama ikawaachilia. Hata hivyo watu hawakunyamaza. Jimbo la New York liliunda tume ya uchunguzi, na kwa miaka michache zikatungwa sheria zaidi ya 30 juu ya usalama wa majengo na saa za kazi. Mwanamke mmoja aliyeuona moto ule kwa macho yake, Frances Perkins, alikuja kuwa waziri wa kazi wa Marekani mwaka 1933.

Basi, katika mkasa wa 1911, mwenye faida na mwenye kuteseka walikuwa chini ya paa moja na chini ya sheria moja. Baadaye biashara ilihama. Mwaka 1979 kiwanda kimoja cha Bangladesh kilituma wafanyakazi wapatao 130 huko Korea ya Kusini kujifunza ushonaji wa kuuza nje. Kwa miaka michache viwanda vya namna hiyo vikawa vingi sana. Maduka makubwa ya Ulaya na Amerika yaliona njia mpya: yasijenge viwanda vyao, bali yaagize nguo kwa mwenye kiwanda wa mbali, naye pengine apeleke sehemu ya kazi kwa kiwanda kingine kisichojulikana na duka. Mitindo ilianza kubadilika kila majuma machache. Mwagizaji akitaka bei ishuke na siku zipungue, mwenye kiwanda hakuweza kupunguza bei ya kitambaa wala ya meli. Alipunguza kile kilichobaki: mshahara, mapumziko na usalama.

Tarehe 23 mwezi wa nne mwaka 2013, nyufa zilionekana katika kuta za jengo la Rana Plaza, katika mji wa Savar karibu na Dhaka. Jengo hilo lilikuwa la orofa nane, na orofa za juu ziliongezwa bila ruhusa halali. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Washonaji wa viwanda vitano vya juu, kesho yake, waliamriwa kurudi kazini. Wengine walitishwa kwamba mshahara wa mwezi ungezuiwa. Asubuhi ile umeme ulikatika, mashine za kuzalisha umeme zikawashwa huko juu, na jengo zima likaanguka. Walikufa watu 1,134, na wapatao 2,500 walijeruhiwa. Baadhi ya viwanda vile vilikuwa vimekwisha kukaguliwa kwa niaba ya wanunuzi. Lakini wakaguzi hawakupewa kazi ya kuchunguza uimara wa jengo. Karatasi zilikuwa safi, kuta zikiwa na nyufa.

Siku chache baadaye, tarehe 1 mwezi wa tano, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Baba Mtakatifu Fransisko alisema alivyoshtuka kusikia kwamba watu wale walilipwa euro 38 kwa mwezi, akaiita kazi ile kazi ya utumwa. Hakuleta mafundisho mapya. Tangu mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, Papa Leo wa 13 alikuwa amefundisha kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu mfanyakazi ameyakubali, ikiwa aliyakubali kwa kubanwa na njaa.

Sisi Wakongomani tuna sababu ya kulielewa jambo hili upesi. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya ukoloni iliwalazimisha wakulima wa Maniema na Uele, na baadaye wa sehemu nyingine, kulima pamba. Bei ilipangwa na serikali, na kampuni iliyopewa eneo ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kununua. Aliyekataa alijua kiboko na gereza. Pamba ile ilivuka bahari, na aliyevaa nguo yake kule ng'ambo hakumwona mkulima. Umbali ulimsaidia asiulize.

Je, dawa ni kuacha kununua? Wengi wa washonaji wa Bangladesh hawakuomba hivyo. Mwanamke anayelisha watoto kwa cherehani hafurahi kiwanda kikifungwa. Walichotaka ni jengo imara, mshahara wa haki na ruhusa ya kuunda chama. Mwezi wa tano 2013 makampuni mengi ya nguo na vyama vya wafanyakazi yalitia sahihi mkataba wa usalama wa majengo, wenye nguvu ya sheria juu ya mnunuzi mwenyewe. Viwanda vilianza kukaguliwa na wahandisi, na ripoti zikatangazwa wazi. Mwaka 2016 vyama viliyapeleka makampuni mawili mbele ya waamuzi huko La Haye. Kesi ziliisha kwa mapatano, na kampuni moja ilikubali kutoa dola milioni 2.3. Kazi bado ni kubwa, na mishahara imebaki midogo. Lakini jibu la swali letu lilianza kuandikwa: anayepanga bei na siku ya kumaliza kazi anawajibika, hata akiwa mbali.

Ndugu zangu, jibu hilo linatugusa nasi. Kila sikukuu inapokaribia, vyama vyetu hununua vitenge vya sare na kuvipeleka kwa fundi. Tunamwambia atoe sare 40 kabla ya Dominika, tunakata bei mpaka anyamaze, kisha wengine wetu wanamlipa nusu na kumzungusha miezi. Naye fundi, ili amalize, anawakesha vijana wanaojifunza kwake, bila mshahara na kwa taa hafifu. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana. Hatujioni kuwa matajiri; lakini mbele ya kijana yule mwenye cherehani, sisi ndio wanunuzi wa mbali.

Kwa hiyo naomba kila kikundi, katika mkutano ujao, kifungue daftari la sare za mwaka jana na kutazama kama fundi amelipwa yote. Kisha mtu mmoja aende kumwuliza siku ngapi zinamtosha na bei gani inamwezesha kuwapa vijana wake chochote. Tukiisha kujibu hayo, tutakuwa na haki ya kuuliza juu ya Savar.